Bosi anasema nikihama nitamlipa dola 5,000. Je, mkataba nilioweka sahihi unamruhusu?

Kaka mshauri,

Pokea salamu kutoka Brooklyn Park, Minnesota. Mimi ni Mkenya, mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni kuhudumia wazee kama msaidizi wa muuguzi, CNA. Tangu Januari 2022 niko chini ya ejensi moja inayopeleka wafanyakazi wa zamu kwenye makao ya wazee hapa mjini.

Mwenye ejensi ni mtu wa kwetu, mzee wa kanisa. Nilipoingia Marekani yeye na mkewe ndio walionipokea uwanja wa ndege, wakanikalisha kwao miezi miwili na kuninunulia koti la baridi. Hilo silisahau, na ndiyo maana nakuandikia badala ya kuondoka tu.

Nilikuwa nimefanya kazi wiki tatu hivi aliponipa karatasi za kuweka sahihi. Niliweka bila kusoma. Ndani yake imeandikwa kwamba nikitoka, kwa miaka miwili nisifanye kazi na ejensi nyingine wala makao yoyote ya wazee katika kaunti 7 za Minneapolis na St. Paul. Oktoba 2023 kampuni ilibadilisha jina, tukaitwa kuweka sahihi upya. Maneno ni yaleyale, isipokuwa waliongeza kwamba nikiajiriwa na makao waliyonipeleka wao, nitalipa fidia ya dola 5,000.

Sasa makao ninakofanya zamu kwa karibu miaka miwili wananitaka niwe mfanyakazi wao wa kudumu: zamu za mchana, bima ya afya, na dola 3 zaidi kwa saa. Wamenipa hadi mwisho wa mwezi kujibu. Nilimweleza Mzee kwa heshima. Akaniambia shukrani ya punda ni mateke. Akasema nitalipa hizo 5,000, makao nao watalipa za kwao, hundi yangu ya mwisho ataizuia, na kanisani watu watajua mimi ni mtu wa aina gani.

Rafiki yangu kazini anasema Washington walipiga marufuku mikataba hii nchi nzima mwaka 2024, nisihofu. Mwingine anasema ukishaweka sahihi umeweka, hakuna kurudi nyuma. Nimwamini nani?

Na lingine. Mume wangu anataka kununua biashara ya usafi wa ofisi kutoka kwa rafiki yake, kwa dola 38,000. Ofisi ziko Bloomington na Burnsville. Tulipomwomba aandike kwamba hatafungua nyingine kama hiyo na kuchukua wateja walewale, alicheka, akasema mikataba ya namna hiyo imekatazwa Minnesota, na kwamba sisi ni ndugu. Je, ni kweli?

Aliyebanwa, Brooklyn Park

JIBU

Dada yangu,

Kwa jinsi ulivyoeleza, kazi ya makao unaweza kuichukua, na dola 5,000 usizilipe. Nitakuonyesha ninapolitoa hilo, kwa sababu Mzee akikupigia simu tena inafaa uwe na la kusema.

Kwanza nimsahihishe rafiki yako wa kazini, maana habari yake bado inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Ni kweli Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ilitangaza tarehe 23 Aprili 2024 kanuni ya kukataza mikataba ya kutoshindana, yaani ile inayomzuia mfanyakazi asiende kwa mwajiri mwingine wa kazi hiyohiyo, karibu kwa wafanyakazi wote wa Marekani. Ila kanuni hiyo haikuanza kutumika hata siku moja. Jaji wa mahakama ya shirikisho huko Texas aliifuta tarehe 20 Agosti 2024, na Septemba 2025 tume yenyewe ikaacha rufaa yake. Kwa hiyo jambo hili limebaki mikononi mwa majimbo, na kila jimbo lina msimamo wake. California, North Dakota na Oklahoma zimeyakataa makubaliano haya kwa wafanyakazi tangu zamani sana. Ukivuka mto tu kuingia Wisconsin, yanaruhusiwa yakiwa ya kadiri. Wewe unaishi Minnesota na unafanya kazi Minnesota, na kwa bahati njema jimbo lako ni miongoni mwa yale yanayomlinda mfanyakazi zaidi.

Bunge la Minnesota lilipitisha sheria ya kufuta vifungu vya kutoshindana kwenye ajira, na Gavana Tim Walz akaitia sahihi Mei 2023. Inahusu mkataba wowote uliofanywa kuanzia tarehe 1 Julai 2023. Haitazami mshahara wako wala cheo chako, na hata wale wanaoitwa wakandarasi huru wamo. Kifungu kinachokuzuia usifanye kazi kwa mwajiri mwingine baada ya kutoka, iwe kwa muda fulani, katika eneo fulani au katika kazi inayofanana, ni batili. Mkataba uliobaki unaendelea. Kifungu hicho peke yake ndicho kinachoanguka. Na mwajiri hawezi kuikwepa sheria kwa kuandika kwamba kesi itasikilizwa jimbo jingine.

Sahihi yako ya Oktoba 2023 ilikuja baada ya tarehe hiyo. Zile kaunti 7 na miaka miwili zilizomo humo hazina nguvu.

Karatasi ya 2022 ndiyo inayohitaji uangalifu, na hapa sitaki nikupe matumaini ya bure. Sheria mpya hairudi nyuma. Mikataba ya kabla ya Julai 2023 bado inapimwa na mahakama kwa kanuni za zamani, na jaji akiona muda au eneo limezidi anaweza kulipunguza badala ya kufuta kifungu chote. Hata hivyo una mambo mawili ya kukutetea. La kwanza, chukua mkataba wa 2023 uusome kurasa za mwisho. Mara nyingi huwa na sentensi inayosema kwamba mkataba huu unachukua nafasi ya makubaliano yote yaliyotangulia. Ikiwepo, una hoja nzuri kwamba karatasi ya 2022 iliondolewa na wao wenyewe. La pili ni zile wiki tatu. Mahakama ya Juu ya Minnesota iliamua mwaka 1982, ikarudia mwaka 1983, kwamba mtu aliyekwisha kuanza kazi akiletewa kifungu cha kutoshindana baadaye, lazima apewe kitu cha ziada cha thamani kwa ajili ya sahihi hiyo: nyongeza, bonasi, cheo. Kumwachia tu kazi aliyokwisha kuwa nayo hakutoshi. Jiulize: siku ile ulipewa nini? Kama hukupewa chochote, iandike tarehe uliyoanza kazi na tarehe iliyo kwenye karatasi, utafute na hundi yako ya kwanza inayothibitisha kwamba ulikuwa umekwisha kuanza.

Sasa dola 5,000. Hapa ndipo nilipokasirika niliposoma barua yako, kwa sababu mtu anayeendesha ejensi ya namna hii hana udhuru wa kutoijua sheria inayomhusu. Ejensi zinazopeleka wauguzi na wasaidizi wao wa muda kwenye makao ya wazee na hospitali za Minnesota lazima zisajiliwe na Wizara ya Afya ya jimbo. Miongoni mwa masharti ya usajili ni kwamba ejensi isizuie kwa namna yoyote nafasi za ajira za wafanyakazi wake. Sharti jingine linasema ejensi isiweke kwenye mkataba wowote, uwe na mfanyakazi au na makao, malipo ya fidia au ada pale mfanyakazi anapoajiriwa moja kwa moja na makao. Masharti haya yalikuwapo miaka mingi kabla ya sheria ya 2023, kwa hiyo hapa tarehe ya sahihi yako haimsaidii. Anakudai kitu ambacho alikatazwa hata kukiandika.

Na zile anazowadai makao? Masharti hayohayo yanawahusu. Zaidi ya hayo, tangu tarehe 1 Julai 2024 Minnesota ina sheria nyingine inayowakataza watoa huduma kwa jumla kumzuia mteja asiwaajiri wafanyakazi wao. Mwambie meneja wa ajira wa makao, kwa upole, kwamba ejensi imetaja malipo hayo, ili wampe mwanasheria wao aangalie. Makao makubwa huwa na wanasheria, na huo mzigo si wa kubeba wewe.

Hundi ya mwisho: ukiacha kazi mwenyewe, mshahara wako wote unatakiwa kulipwa siku ya malipo ya kawaida inayofuata. Kama siku hiyo iko karibu mno na siku yako ya mwisho, wanaweza kusogeza hadi ile inayofuata, lakini zisipite siku 20. Mwajiri wa Minnesota haruhusiwi kukata mshahara kwa deni analodai mpaka wewe uwe umekubali kwa hiari na kwa maandishi baada ya deni hilo kutokea, au mahakama iwe imeamua. Ndiyo maana nakuomba sana: wiki hizi usiweke sahihi kwenye karatasi yoyote ya Mzee, hata akisema ni ya kufunga faili tu. Akizuia hundi, peleka malalamiko Idara ya Kazi na Viwanda ya Minnesota. Kwa hilo huhitaji kulipa wakili.

Kuna upande wake pia, nao ni wa haki. Sheria ya 2023 haikugusa makubaliano ya kutunza siri za biashara, wala ya kutotumia orodha za wateja au kuwavuta wateja wa mwajiri. Kama hayo yamo kwenye mkataba wako, yaheshimu. Usiondoke na ratiba zake za zamu, wala bei anazotoza makao, wala namba za wafanyakazi wenzako ulizozipata kwenye simu ya ofisi. Usianze kuwapigia wenzako simu ukiwaambia waje huku kuna bima. Wakikuuliza wenyewe ulikopata kazi, wajibu, hiyo haina kosa. Ujuzi wa kumgeuza mgonjwa kitandani, kupima presha, kumtuliza bibi mwenye kusahau anayelia usiku, huo ni wako. Hakuna mkataba unaoweza kukuvua.

Akikushtaki je? Pengine ni maneno ya hasira tu, lakini lijue hili moja. Katika Minnesota kesi inaweza kuanza pale unapokabidhiwa hati mkononi, hata kabla haijasajiliwa mahakamani. Hati hiyo inaweza kuwa haina namba ya kesi, na wenzetu wengi hudhani ni ya uongo wakaitupa. Una siku 21 za kujibu kwa maandishi. Usipojibu, anaweza kupewa hukumu bila wewe kusikilizwa, na hapo kifungu kibovu kinageuka deni halali. Kwa hiyo karatasi ikija, siku hiyohiyo itafutie wakili. Volunteer Lawyers Network na Mid-Minnesota Legal Aid husaidia watu wenye kipato kidogo, na tovuti ya LawHelpMN itakuonyesha pa kuanzia. Sheria ya 2023 pia inamruhusu jaji kumwamuru mwajiri alipe gharama za wakili za mfanyakazi anayetetea haki yake chini ya sheria hiyo. Hata isipokuja hati yoyote, saa moja ya wakili akiwa na karatasi zako zote mbili mbele yake itakufaa kuliko barua yangu, maana mimi nimesoma maelezo yako tu, mikataba yenyewe sijaiona.

Kuhusu Mzee mwenyewe. Koti lile na miezi ile miwili ni fadhila za kweli, na unafanya vizuri kuzikumbuka. Ila yeye amechanganya hesabu mbili. Alipokupokea alikuwa ndugu. Alipokupeleka kazini alikuwa mfanyabiashara, na kwa kila saa uliyofanya makao walimlipa zaidi ya alichokulipa wewe. Hiyo ni halali yake, ndiyo biashara ya ejensi, lakini ina maana kwamba upande huo hamdaiani. Fadhila hailipwi kwa kumzuia mtu asipate bima ya watoto wake. Ningekuwa wewe ningemwandikia barua fupi: nashukuru kwa yote, siku yangu ya mwisho ni tarehe fulani, zamu zangu zote hadi siku hiyo nitazifanya. Usibishane humo kuhusu sheria. Ukitaka kwenda kumsalimu mkewe na kitu mkononi, nenda, ila si siku moja na barua. Kanisani usianzishe maneno. Akiyaanzisha yeye, mwombe mchungaji awakalishe wawili, na uende na nakala ya mkataba.

Nikirudi kwa mume wako: rafiki yake amekosea, au anajua na ananyamaza. Sheria ya 2023 inahusu mwajiri na mfanyakazi wake. Imeandikwa wazi ndani yake kwamba makubaliano yanayofanywa wakati wa kuuza biashara hayaguswi: muuzaji na mnunuzi wanaweza kukubaliana kwamba muuzaji asifanye biashara inayofanana, kwa muda na eneo la kadiri. Hata California, iliyo kali kuliko wote, inaruhusu hili.

Utaniuliza, kwa nini kifungu kile kibatilishwe kwako na kiruhusiwe kwa mume wako? Mimi naona ni haki kabisa. Mshahara unanunua saa ulizofanya, ukishazifanya mmemalizana. Mume wako hanunui saa. Kwenye hizo dola 38,000, mashine za kusafishia na gari vina thamani gani? Kinachouzwa hasa ni zile ofisi za Bloomington na Burnsville zinazolipa kila mwezi. Muuzaji akichukua pesa kisha akawapigia simu walewale mwezi ujao, ninyi amewauzia ndoo na fagio tu. Majaji wa Uingereza waliona tofauti hii mwaka 1711, katika kesi ya Mitchel na Reynolds. Reynolds alikuwa mwokaji mikate wa London aliyempangisha Mitchel duka lake na kuahidi kutooka mikate katika parokia hiyo kwa miaka 5. Akaoka. Mahakama ikashikilia ahadi yake, kwa kuwa ilikuwa na mpaka wa mahali na muda na ilikuwa na sababu ya haki. Mahakama za Marekani zimelirithi wazo hilo.

Kwa hiyo mume wako asiogope kuonekana hana imani na ndugu. Kifungu kiwe ndani ya mkataba wenyewe wa mauzo, siku ileile, kisije kama karatasi ya pembeni miezi mitatu baadaye. Wateja watajwe majina kwenye orodha iliyoambatanishwa. Eneo liwe lile ambako ofisi hizo ziko, kaunti za Hennepin na Dakota, wala msiandike Minnesota nzima, maana mkivuta sana jaji atapunguza au atakataa. Muda wa miaka miwili au mitatu ni rahisi kuutetea kuliko kumi. Kama mke wa muuzaji au mwenzake ni mshirika katika biashara hiyo, naye aweke sahihi, la sivyo kampuni mpya itafunguliwa kwa jina lake. Na kama rafiki atakubali, msilipe dola 38,000 kwa mkupuo: sehemu siku ya mauzo, iliyobaki baada ya miezi 6 au 12 wateja wakiwa bado wapo.

Akikataa kuandika chochote, bei ishuke hadi ya mashine na gari, au mume wako aache. Na asitoe hata pesa ya kushikilia kabla wakili hajausoma mkataba huo.